Wigi la Mgeni

Rungwe mvua haishi,
ukungu ni kama moshi,
tope halina ubishi,
gari likafa njiani.

Wakashuka Wafaransa,
ilikuwa saa tisa,
ramani imewatesa,
wakabisha mlangoni.

Baba jina Teodori,
nywele zang'ara vizuri,
nyeusi, bila dosari,
zimelala utosini.

Odeta, mke mpole,
pacha wawili wa shule
wenye njaa na kelele,
nikawaketisha ndani.

Tusekile, wangu mwenzi,
akachemsha mandizi,
maharage na mchuzi,
na chai ya birikani.

Asubuhi, kwa maringo,
baba kanyosha mgongo,
akirefusha na shingo
apige picha shambani.

Juu ya mparachichi,
kipunji, mkia uchi,
anatafuna mabichi,
nywele wima kisogoni.

Ukimwona utasema
katuni imesimama,
kope kama mwenye homa,
meno yote hadharani.

Akashuka kwa mkia,
utosi kauvamia,
nywele akajitwalia
zote, na gundi ya ndani!

Kumbe wigi! Upara tu
ukang'ara mbele yetu
kama sufuria letu
siku ya ndoa nyumbani.

Odeta: “Miaka kumi
umenificha, husemi,
sikujua hata mimi
hiki kitu cha dukani!”

Akafoka Kifaransa,
kipunji kajibu, “Hasa!”
Sijui mpaka sasa
waliambiana nini.

Kipunji kavaa wigi,
kabeba na lao begi,
na chai akanywa magi,
kisha huyo migombani!

Tusekile ana mwiko,
pacha wafa kwa kicheko,
baba kavaa mfuko
wa mbolea upaani.

Tukavuka mto Mbaka,
wachuma chai wacheka,
vikapu vikamwagika,
nyapara naye topeni.

Kwaya walipomuona,
besi wote wakaguna,
mwalimu kadhani bwana
katumwa toka jimboni.

Msitu ukammeza.
Teodori kajilaza.
Odeta akauliza,
“Uko bado mfukoni?”

Kauvua, akacheka,
upara akaushika,
akasema, “Umefika,
mume wangu, duniani.”

Wameshakwenda makwao,
zinakuja kadi zao,
upara u kati yao,
umepakwa vaselini.

Juzi kaja mtafiti,
darubini na makoti,
kashuka bila sauti,
kajifungia chumbani.

Kaandika: “Ugunduzi!
Mnyama mpya, ni wazi,
nywele kachana kinyozi,
njia iko ubavuni.”

Tusekile kanifinya,
nami kicheko naminya.
Ukweli ungemponya,
lakini wa kazi gani?