Makombo

Paukwa, nasema. Ingus hajibu.
Ana miaka minane na ameshajua
kwamba anayejibu ndiye anayepelekwa msituni.

Basi naanza bila ruhusa.
Palikuwa na baba, na baba alikuwa na shoka.
Kitabu chetu kinadai alilia usiku ule,
mgongo kwa mgongo na mkewe.
Mimi nimemfuta machozi. Katika hadithi yangu
anahesabu: viazi kumi na tisa, vinywa vinne,
na hesabu haigawanyiki.

"Kwa hiyo akawaacha?"
Akawaacha. Ila aliwafunga skafu vizuri kwanza.

Nje theluji inaifuta Rezekne, jengo baada ya jengo.
Simu imelala kifudifudi mezani.
Baba na mama wako Ayalandi, kwenye mabanda ya uyoga,
wanachuma gizani na taa vichwani,
na kila Ijumaa ya pili wanatudondoshea kombo:
euro mia na ishirini, picha ya bahari,
kikatuni cha moyo.
Nimejaribu kuyafuata. Yanaishia benki.

"Endelea, Kitija."

Wakafika kwenye nyumba. Si ya peremende;
sukari haivumilii mvua, hilo hata wewe unalijua.
Ilijengwa kwa mifupa ya ndege, ikapakwa asali
ipendeze kwa mbali.
Ndani tanuri lilipumua kama ng'ombe aliyelala.
Na bibi mlangoni, macho meupe kwa ukungu,
akawashika mikono, akabinya nyama juu ya kiwiko,
akasema: mmekula?

Ingus ameketi sasa.
"Bi Genovefa husema hivyo."

Ndiyo. Bi Genovefa wa ghorofa ya pili,
anayenuka kabichi chachu,
ambaye hana mtoto aliyebaki naye ila mtoto wa jicho.
Huja saa moja jioni na sufuria,
hubinya mkono wa ndugu yangu, hutikisa kichwa:
bado mfupa, bado mfupa.
Novemba nilimwambia Ingus ampe kijiti.
Alikibinya kijiti. Akanyamaza.
Kesho yake alileta sufuria kubwa zaidi,
na sisi tulicheka mpaka kicheko kikatuogopesha.

"Halafu wakamsukuma ndani."

Msichana ndiye aliyesukuma.
Mlango wa tanuri ulikuwa mzito, lakini alikuwa na hasira
isiyokuwa ya yule bibi,
na hasira haichagui mgongo.
Aliungua siku tatu. Msitu mzima ulinukia mkate.
Mbwamwitu walikuja wakaramba moshi. Na watoto,
kwa kuwa walikuwa na njaa, watoto wa—

"Usiseme."

Sisemi.

Wakarudi kwao, mifuko imejaa lulu.
Baba akafungua mlango, akatazama mifuko kwanza.
Raha mustarehe, kinasema kitabu.

Kimya. Bomba linadondosha maji jikoni.
Nadhani amelala, kumbe anapiga hesabu zake.
"Msitu wote ule, Kitija. Nani mwingine
aliwauliza kama wamekula?"

Sina ukurasa wa hilo. Nazima taa.
Gizani nasikia meno yake yakisaga kitu,
na sikumbuki kama nilimpa chochote.

Asubuhi namkuta kwenye ngazi, pajama na buti,
anavunja mkate mweusi,
kombo moja kila kidato, kwa makini ya fundi saa.
Kutoka kwetu, ya tano. Ya nne. Ya tatu.
Nilidhani anaelekea kituo cha basi, uwanja wa ndege, baharini.
Anasimama ya pili.

Nyuma ya mlango kitu kinaiva.
Joto linapita chini ya kizingiti, linagusa vidole vyangu vya miguu.
"Mmekula?" inauliza sauti, na komeo linageuka,
na Ingus anatabasamu, mkono umeshanyooshwa,
mkono wenyewe, si kijiti.

Nami natazama mikono yangu.
Imeinuka bila kuniuliza,
viganja mbele.