Mrija wa Pili

Saa nne usiku, Mvumi. Jenereta imekohoa,
ikanyamaza, ikakohoa tena. Friji imesalimika.
Mezani nina mirija miwili ya damu ya mtoto mmoja,
Nyemo wa Sechelela, miaka miwili na miezi mitano,
mkazi wa Handali.

Wa kwanza ni wa siku ile alipokuja hajui kitu.
Sindano ilipoingia alishangaa kwanza,
akamtazama mama yake,
ndipo kilio kikaja, kimechelewa kama mvua za kwetu.

Chembe zake nyeupe nazo zilikuwa vivyo hivyo:
vijana waliokabidhiwa zizi jana,
fimbo mkononi, fisi hawajamwona.
Chanjo ikawatupia ngozi,
ngozi tupu, meno hayamo,
ikasema: nuseni.

Siku kadhaa, huko kwapani,
kwenye tezi isiyozidi punje ya uwele,
wakanusa. Wengi hawakuelewa.
Wachache wakashtuka, wakazaana,
wakafua kingamwili, lakini haba.
Sisi watu wazima tumeshakohoa miaka arobaini;
damu yetu huamka na kusema, aa, wewe tena?
Mtoto hana “tena”.
Kwa hiyo tunamwita mara ya pili.

Wiki ya nne, Sista Mbeleje hajavaa hata glovu,
Nyemo yuko getini, mgongoni,
akaiona aproni nyeupe.
Kilio chote, papo hapo,
hajaguswa!
Mama yake akaona aibu, akamfunika kwa khanga.
Mimi nyuma ya pazia nilicheka peke yangu:
ndivyo tunavyotaka, mwanangu. Ndivyo hasa.

Mrija wa pili ulitoka wiki moja baada ya hapo.
Nimeuhesabu mara tatu, nisidanganywe na usingizi.
Wamejaa.
Wamejaa, na wanamjua.

Nje upepo wa Julai unasaga vumbi dirishani,
na kutoka wodini nasikia vifua vya wengine.
Mwakani fisi atarudi, madoa yamehama kidogo,
hapa moja limepungua, pale moja limeongezeka.
Watamtambua? Sijui. Hata wakubwa wangu hawajui,
ndiyo maana wananilipa nikeshe.

Jina haliruhusiwi kwenye daftari.
Naandika: Mtoto 47, ameitikia.
Halafu pembeni, kwa penseli,
hafifu, mahali ambapo mkaguzi hatazami:
siku hizi analia mapema.