Kipande B7

Boksi limekuja na basi hadi Mokowe,
likavuka kwa boti pamoja na trei za mayai,
likapanda bega la mtoto wa Lali hadi kwangu Langoni.
Jirani, Mwana Hidaya, akatoa kichwa dirishani:
"Gari, Amu? Na hilo litapita ndia ipi?"
Nikamwambia litapita mezani.

Picha ya kifuniko ni ile ile:
vumbi la manjano, gurudumu moja hewani,
dereva mwekundu asiye na haraka ya kufa.
Ile ile ya mwaka themanini na saba
mjomba Shekuwe aliporudi kutoka Jeddah
akampa Bunu gari, akanipa mimi kitambaa.

Kazi yangu ilikuwa kushika kikombe.
Kikombe cha kahawa, ndani yake skrubu,
na amri moja: usipumue.
Nililijua gari lile kwa macho tu,
kama tulivyoijua hotuba ya Ijumaa, kutoka nyuma ya ukuta.

Sasa meza ni yangu.
Skrubu nimezimwaga kwenye sinia la pilau.
Vidole hivi vimetoboa kofia miaka thelathini,
vishimo vidogo kuliko ufuta;
haviogopi nati ya milimita tatu.
Miwani ndiyo inayoogopa.

Plastiki mpya inanuka viatu vya Idi.
Grisi kwenye gia: kiasi cha wanja, si kiasi cha hina.
Na bodi, kumbe, hupakwa rangi kwa ndani.
Sikulijua hilo; siku ya rangi Bunu alinifukuza.
Unaanza na urembo, unamalizia na msingi,
kama baadhi ya harusi za mtaa huu.

Hatua ya kumi na nne.
Mkono wa mbele, wa kulia. Kipande B7.

Hiki nakijua.
Kilivunjika uani, gari likiwa na siku tatu,
Bunu akasema Mwanaesha amelikanyaga.
Nikasema sikulikanyaga.
Baba aliuliza mara mbili, hakungoja ya tatu.
Tangu hapo, kila harusi, kila Idi,
watu wakishashiba, mzaha ni mmoja:
ondoeni vyombo, Mwanaesha anapita na miguu yake.
Watoto wetu wanaucheka, na gari lenyewe hawajaliona.
Na mimi, sijui mwaka gani, nilianza kuamini:
nikakikumbuka kisigino,
nikaikumbuka hata sauti.

Ndani ya mfuko wa skrubu kuna karatasi
ndogo kama risiti ya duka la dawa,
Kijapani juu, Kiingereza chini.
Nimeisoma kwa miwani,
kisha kwa miwani na tochi ya simu.
Katika toleo la kwanza, inasema, kipande B7
kilikuwa chembamba mno,
kikikatika gari likigonga kitu hata kwa upole.
Sasa kimeongezwa unene.
Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Tunaomba radhi.
Nimekaa na maneno hayo mpaka chai ikafanya utando.

Nimempigia Bunu, Mombasa, kwenye duka lake la mabati.
Nimemsomea yote, neno kwa neno.
Kimya. Nyuma yake mashine inakata chuma.
Kisha: "Gari gani?"

Nikafunga B7. Skrubu mbili, bila kukaza sana.

Alasiri nimelipandisha darini,
nikasogeza kamba ya kanga, nikawasha rimoti.
Halikuuliza njia.
Lilikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa mawe
na kugonga kwa kishindo
kilichomrudisha Mwana Hidaya dirishani.

Nikapiga magoti, nikalipindua.
Rangi imechubuka. Dereva hana kichwa.
B7 kipo mahali pake.

Nikalirudisha nyuma, hatua kumi,
nikaligongesha tena.