Wavu wa Katani

Uwanja wetu wa Chumbageni, nyuma ya karakana ya reli,
ulikuwa na nyufa mbili na ringi moja.
Ufa mkubwa tuliuita Pangani, maana ulijaa maji
na mpira ukidondokea humo haudundi tena.

Wavu haukuwepo. Mwalimu Semboja akasema,
"Asiyelenga kwa kuwa hakuna wavu,
utakapokuwepo atakosa vilevile."
Ndipo mama yangu, wa kiwanda cha kamba,
alipoleta singa za katani ndani ya kikapu cha sokoni,
akaufuma usiku mmoja, vidole vikimwasha,
akauliza tu: "Mdomo wa chini niuache upana gani?
Watoto wasije wakasema nimewabania."

Tangu siku ile kila bao letu lilikuwa na sauti:
kwaru,
kama mtu anayefagia ua alfajiri.

Saa kumi na nusu. Kabla ya mpira, daftari.
Semboja alisoma majina, na kwenye kila jina
aliuliza yasiyo ya mpira.
Mwinyihija, hesabu umefanya?
Nkamba, mguu wa bibi umepoa?
Mnkande, umekula nini? Na usiniambie chai.
Mnkande alisema chai.
Akapewa muhogo na chachandu kwenye gazeti, akala amesimama,
sote tukijifanya tunafunga kamba za raba
ambazo wengine wetu hatukuwa nazo.

Kabla ya kutufundisha kufunga, alitufundisha mguu wa egemeo:
mmoja ukae, mwingine uzunguke utafute njia.
"Ukiuinua hujadunda, umetembea.
Na refa hataki kujua ulikuwa unakwenda wapi."

Kisha wakaja watu wa Dar na futi ya fundi cherehani.
Walitupanga ukutani, wakachora chaki juu ya vichwa.
Nilivuta pumzi, nikakaza shingo,
nikainua visigino, chembe tu.
Semboja aliniona. Akatazama kando.
Vidole vinne nilipungua.
Walimchukua Mnkande.

Nisiseme uongo: sikumpigia makofi.
Nilirudi kwa baiskeli kupitia Barabara ya Kumi na Nne,
macho yakinichuruzika.
Mama alipouliza, nikasema vumbi.

Haya, wa daftarini wako wapi?
Mwinyihija anapima malori ya saruji,
hajawahi kumwibia mtu kilo.
Nkamba ni muuguzi Bombo; kwenye korido
hukimbia kama mtu anayerudi kulinda.
Shebughe aliumia goti, kikaumia na kingine
ambacho hatukukiuliza mapema.
Tulimwendea tumechelewa.
Semboja hakulifuta jina lake. Alilisoma, akanyamaza,
akaendelea na linalofuata,
hivyo hivyo mpaka alipostaafu.
Sasa daftari ninalo mimi, nami nalisoma,
na nanyamaza pale pale.
Mnkande analipwa kwa kucheza, nchi ya baridi,
ana dada wanne shuleni kwa mikono ile.

Juzi alipiga simu tukiwa mazoezini.
Nyavu za huko, alisema, ni nyeupe, laini,
zinabadilishwa kabla hazijachakaa.
"Lakini natupia, inaingia, sisikii kitu.
Hebu sogeza simu karibu na ringi."

Wavu ule ni wa tano sasa; mama huona kwa jicho moja
na bado huuliza upana wa mdomo.
Niliinua simu juu.
Mtoto mmoja wa Duga, anayenifika kiwikoni, akarusha.
Ikagonga bodi, ikagonga ringi, ikatoka.
"Ngoja," nikamwambia Mnkande.
Mtoto akaufuata mpira Pangani,
akaukausha kwa fulana yake, pole pole,
kama hakuna duniani mwenye haraka,
akarudi, akapanga miguu,
akatazama juu.
Dakika zilikuwa zinakwenda, za gharama.
Mnkande hakukata.