Kipande cha Bati

Herufi zilikuwa zimeliwa na kuvu.
Nikalipaka jiwe unga wa sembe, nikapangusa kwa kiganja,
jina likatoka jeupe kama jino:
NDELWA. 2206. Septemba 1917.
Semkali, anayefyeka majani hapa makaburini,
akanigombeza: unga utaleta siafu,
na siafu wa Iringa hawana adabu hata kwa marehemu.

Ndelwa ni babu yangu.
Alikufa Makete, mwaka hamsini na moja,
kitandani, ameshiba ulanzi, amegombana na mkwewe
juu ya mpaka wa shamba la viazi.
Kaburi lake nalipalilia mimi.
Sasa huyu, chini ya unga wangu, ni nani?

Nyumbani, ndani ya kopo la majani ya chai,
kuna kipande cha bati chenye tundu la uzi.
Utotoni tulikiita saa ya babu.
Kimegongwa namba: 2207.
Nilidhani fundi alikosea.

Miezi minne nimekula vumbi la majalada.
Mwandiko wa karani umelala kulia
kama mahindi baada ya upepo.
Siku moja, mistari miwili iliyofuatana:
2206, Ndelwa, homa ya mapafu, amezikwa.
2207, Anyisile wa Masoko, Rungwe, mtoro.
Na pembeni, kwa wino mwingine:
baba yake ametozwa ng'ombe wawili.

Basi nimeiona ile alfajiri, nami siipendi.
Maiti bado ana joto shingoni.
Mikono ya babu inafungua uzi, inafunga uzi.
Aliyekufa hatafutwi na mtu.
Akashika njia ya Njombe, akapanda milima,
akaoa, akatuzaa;
na kule Masoko askari wakasimama mlangoni
kumdai mzee mwanawe
aliyelala Iringa kwa jina la watu.

Mama yake aliacha lini kusikiliza nyayo za usiku?
Jalada halisemi.
Babu naye hakusema, ila hakuwahi kula nyama ya ng'ombe,
tukadhani ni meno.

Semkali anauliza kama jiwe litabadilishwa.
Sijui. Nimemwachia Anyisile kikombe cha maji,
nimelifunga bati kwenye leso.
Kesho naenda Masoko kuulizia ukoo.
Pareto ya mwaka huu imetosha ng'ombe mmoja.
Wa pili nitaomba wanisubiri,
kama nina uso wa kulitamka neno hilo.