Madoa ya Siku Tatu

Sijawahi kuiona mechi hata moja.
Miaka kumi na tisa chini ya jukwaa la mashariki,
mimi na mashine tatu, na ya nne inayotetemeka kama mwenye homa,
na juu ya utosi wangu watu elfu kumi na mbili
wanaikanyaga saruji.

Santo Domingo, mji mmoja, uwanja mmoja,
na timu mbili zisizosalimiana:
Majogoo wekundu, Mwewe wa bluu.
Wanagawana nyasi, wanagawana vyoo,
wamenigawana na mimi, Belkis Tavárez, mfuaji,
nusu mshahara kila upande,
na kila upande unaamini nusu yake ndiyo yenye moyo.

Sheria ni moja: usichanganye.
Soksi moja ya Jogoo ikiponyokea pipa la Mwewe
kesho wanaume ishirini na watano
wataingia uwanjani wamevaa waridi.

Ijumaa, saa tano usiku,
Milcíades wa funguo akaleta vikapu, mdomo kaubana,
maana tuna dau:
mimi niyasome matokeo kwenye nguo.
Nikipatia, ananunua wali na maharage.
Nikikosa, nafua mapazia ya mkewe.
Redio marufuku.
Nikaitandaza suruali ya namba nane wa Majogoo,
udongo kutoka goti hadi kiunoni, ubavu wa kushoto:
huyu kaserereka mara mbili, na ya pili kafika.
Shati la mrushaji wa Mwewe, jasho kwapani tu, mgongo mkavu.
Walimtoa mapema, maskini.
"Majogoo," nikasema, "na si kwa kidogo."
Sita kwa moja.
Nikala wali.

Jumamosi zikaja nguo safi, huku safi, kule safi,
kama za watoto wa Komunyo ya kwanza.
"Mvua," nikasema. "Hamkucheza."
Kumbe walicheza, saa tatu na nusu bila kitu,
hadi awamu ya nane, gongo moja, mpira ukapaa,
ukavuka uzio, ukatua barabarani
juu ya mkokoteni wa muuza madafu.
Aliyeupiga akazunguka vituo vyote polepole.
Nani ajigaragaze mavumbini
wakati mlango wa nyumbani uko wazi?
Mwewe moja, Majogoo hawana.
Mapazia ya mke wa Milcíades yananuka samaki wa kukaanga.

Jumapili umeme ukakatika.
Kelele nazo zikakatika, mara moja, kama kamba.
Gizani nikasikia mtu mmoja juu yangu akicheka peke yake.
Taa zikarudi, miguu ikarudi,
halafu kishindo ambacho sijawahi kukisikia,
vumbi la dari likaniangukia kwenye kahawa.

Vikapu vilikuja vizito.
Na humo, shati la namba thelathini na moja wa Mwewe.
Eladio. Miaka thelathini na tisa, mkongwe wa benchi.
Tangu Novemba shati lake huja bila doa,
nami hulifua hivyo hivyo, sabuni ile ile,
mtu asije akajua kwamba najua.
Usiku huu: udongo kutoka kola hadi mkanda,
chokaa kifuani, kifungo kimoja hakipo,
damu kwenye kiwiko.
Nikalitafuta la mdakaji wa Majogoo.
Chokaa ile ile. Damu pia,
ila sijui ya nani.

"Haya, sema," Milcíades akasema.
Nikaliinua kwenye balbu.
Udongo unasema alijirusha.
Udongo hausemi kipi kilitangulia, mkono au mpira,
wala mwamuzi alifanya nini na mikono yake.

"Nyamaza kwanza," nikamwambia.
Nikachota maji baridi, damu haitaki ya moto,
nikapekua mfuko wa suruali kabla ya kuloweka.
Maganda ya mbegu za alizeti, kiganja kizima,
na mbegu tatu hazijatafunwa.

Milcíades kakaa juu ya pipa, anapasuka.
Mimi nasugua kola.