Moja Mpaka Sitini

Taguhi, uliponipigia usiku ule kutoka Marseille
ukauliza hali, nikasema, "Salama."
Neno hilo nalo lilikuwa kazi.
Nililitoa upesi nikarudi jikoni,
jamu ilikuwa inashika chini.

Sasa nikujibu.

Mwaka huu aprikoti zimeiva zote kwa siku tisa.
Hazikupeana zamu.
Jumatatu zilikuwa ngumu kama ngumi ya kichanga,
Alhamisi zikaanza kudondoka usiku,
tu, tu-tu,
juu ya bati la banda,
nami kitandani nazihesabu
kama mdhamini anayehesabu deni la mwenzake
akijua atalipa yeye.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akatolewa mtoto wa jicho:
dawa ya matone kila baada ya saa nne.
Arshavir ana mtihani wa mwisho, hataki kula, hataki kusemeshwa.
Shule inadai hesabu zangu za mwaka,
risiti za chaki, risiti za kuni,
risiti ya kitasa ambacho hakuna aliyewahi kukiona.
Na lori la Yerevan linafika saa kumi na moja alfajiri,
uwe umelala, uwe hukulala.
Hrant yuko Samara anawajengea watu nyumba.
Hutuma pesa. Mikono haitumwi.

Watu husema mambo ni mengi, muda ni mchache.
Mimi muda niliuona upo.
Mchache nilikuwa mimi.

Jumamosi nilipanda ngazi kwenye mti wa tatu kutoka ukutani
nikafika juu
nikasahau nimepandia nini.
Ndoo ilikuwa mkononi. Tunda lilikuwa puani kabisa.
Mlima Ararat ule pale, mweupe, hauna haraka na mtu,
nikauchukia.
Sikulia. Sikuchuma. Sikushuka.
Sijui nilikaa kiasi gani; nyigu alinitambaa kifundoni akaenda zake.

Chini nikasikia fimbo ikigonga mawe.
Mama mkwe, jicho moja chini ya bandeji ya plastiki,
ameinua uso upande ambao sikuwepo.
Nikamwambia, "Mama, sijui nianze na lipi."
Nilitaka aseme jambo.
Akasema, "Matone yangu yamepita nusu saa."

Nikacheka mpaka ngazi ikatikisika.

Dawa ile, Taguhi, ina masharti.
Tone moja, kisha ubonyeze kidole kwenye kona ya jicho, karibu na pua,
uhesabu moja mpaka sitini.
Mkono wa kulia kwenye kona, wa kushoto nyuma ya kichwa chake,
kidogo kama cha kuku.
Huwezi kukoroga chochote. Huwezi kujumlisha.
Thelathini na mbili: tunda likaanguka kwenye bati.
Thelathini na tisa: lingine.
Arobaini na moja, simu ikalia, ikachoka.
Alikuwa ananuka sabuni na mkate.
Nilipofika sitini niliendelea,
sabini, themanini,
naye hakunisahihisha.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka.
Mstari mzima wa chini nimeuachia nguruwe wa Vardush,
wamenenepa, wananiamkia.
Hesabu za shule zilichelewa siku mbili,
mwalimu mkuu akanuna hizo mbili na ya tatu ya ziada.
Jumanne nililia ghalani, kati ya kreti, kwa sauti,
Arshavir akaja akasimama mlangoni
akanishikia taa, eti sijaona vizuri.
Lakini sasa, jambo likinijia na wenzake kumi,
naliwekea kidole kwenye kona.
Hili tu. Moja, mbili.
Wengine wagonge bati.

Nimekuwekea chupa ya ile jamu iliyoshika chini.
Ina ladha ya moshi, usimpe mgeni.
Ukipiga tena usiniulize hali, niulize ninashika nini mkononi, nitakuambia kwe—

Ngoja. Fimbo hiyo.
Saa ya matone.